Mtambo wa Mume Wangu Hautoshi Kwenye Landrova

Shangazi Modesta, shikamoo, na pole kwa wingi wa barua zetu sisi wasomaji wa gazeti lako. Mimi ni Veronika, mwalimu wa hesabu hapa Morogoro, mume wangu Dominiko ni fundi redio Kihonda, mtu mpole na tunapendana, ila tangu vita vya Kagera viishe ameshikwa na wazo la kuliundia jeshi letu kompyuta, tena anataka iwe na nguvu kama zile zinazojaza jumba zima huko Ulaya lakini ikae nyuma ya Landrova ipige hesabu za mizinga huko huko vitani, na michoro yake imejaa meza ya chakula, tunakula mkekani, wala sikulalamika, hata Jumapili alipomleta kapteni mmoja aje kumsikiliza nilipika pilau kwa mchele niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya Pasaka.

Kapteni akanigeukia mimi, mwalimu, akauliza kama jambo hilo linawezekana. Nikamwambia vipande vyote vya kompyuta hiyo vikibanwa pamoja vitatoa joto la tanuri. "Jenereta lake litataka Landrova ya pili," nikasema, "na maji ya kuipoza yatataka Landrova ya tatu."

Kapteni alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akaniomba niende kambini nikawafundishe hesabu askari wa mizinga. Dominiko hakucheka. Tangu siku hiyo akiwa na neno nami anamwambia jogoo ili mimi nisikie. Je, niende, au nikatae ili nyumba itulie?

Veronika mwanangu, marahaba. Nimecheka, nisamehe. Hesabu zako sina ugomvi nazo, na ni heri mtambo umeshindwa sebuleni kwenu kuliko kumwungulia askari mbele ya adui. Lakini miezi yote hiyo mkekani ulilijua joto hilo ukanyamaza, ukaja kumchekesha mgeni kwa jasho la mumeo. Kwa hilo mwombe radhi leo, kwa maneno ya kueleweka. Kwa ukweli wenyewe usiombe.

Nawe Dominiko, najua unasoma: mwache jogoo wa watu. Kompyuta ya jumba zima kwa sasa haibebeki, lakini kitu kidogo cha kujumlisha na kuzidisha, kinachoshikika mkononi, hicho ni kazi ya fundi kama wewe, ukipata mtu wa kukupangia hesabu. Naye unaye, ndani ya nyumba.

Kambini nenda, Veronika, ila nendeni wawili. Na safari hii kapteni akiuliza, funga mdomo kidogo, mwache Dominiko ajibu kwanza.