Kitanda cha Chumba Namba Nne

Gesti ya Bi Nurbanu,
Mbeya.
Jumatano, 9 Julai 2025. Asubuhi ukungu mzito, mlima Loleza hauonekani kabisa. Baridi ya kuuma vidole.

Mpendwa wifi yangu Eveline,

Ugonile. Natumaini wewe na mtoto mmeamka salama, kitovu kimekauka na maziwa yanatoka vizuri. Wasalimie wote wanaokuja kukuchemshia maji. Mimi ni mzima, na Mzee ni mzima, kwa hiyo usishtuke kuona barua. Ningeweza kupiga simu, lakini unajua mwenyewe simu yako ilivyo: sauti yake inafika hadi kwa jirani, na ukiipokea kila aliye jikoni ananijibu. Ninayotaka kukueleza leo ni yako peke yako. Dastan, yule anayeendesha Noah ya Tukuyu, amekubali kukupa mkononi.

Kama ujuavyo, kaka yako Gwakisa bado amekwama na lori lake kwenye foleni ya Tunduma, na wewe huwezi kutoka uzazini. Ndiyo maana nikapanda basi Iringa kuja kumuuguza baba yenu. Tangu Mafinga nilikuwa najiuliza mkwe anamuuguzaje baba mkwe ambaye haruhusiwi kumtazama. Wewe ndiye uliyenifundisha, wiki ile ya harusi, nisimtaje jina, nisikutane naye njiani, na nikisikia kikohozi chake nichepukie migombani. Sasa korido ya Bi Nurbanu haina migomba, wifi. Ina ukuta wa kijani na ndoo ya kudekia.

Upasuaji wa Jumamosi ulikwenda vizuri. Jicho la kushoto unajua lilishakufa zamani. Hili la kulia ndilo lililobaki, nalo likafungwa bandeji. Mimi nilisimama nyuma ya pazia nikamsikia daktari akisema kwamba hadi Alhamisi Mzee alale chali, kichwa juu ya mto, asiinamishe shingo usiku kucha, na asisafiri kwenye mitikisiko ya gari. Akikiuka, jicho linaweza lisirudi. Maneno hayo nililala nayo.

Tulipata vyumba viwili vinavyopakana, yeye namba nne, mimi namba tano. Gesti ina mhudumu mmoja, Timotheo, mtu mzima wa Ileje. Huyo ndiye alikuwa akimpeleka Mzee msalani na kupitisha maneno yetu. Nilikuwa namwambia Timotheo kwamba uji umeiva, na Mzee, ambaye amenisikia wazi, anangoja Timotheo amwambie tena ndipo aseme asante. Timotheo asipokuwepo tuliongea na vitu. Mimi nasimama nje naueleza mlango kwamba chai iko kwenye stuli upande wa kulia. Ndani, Mzee anaieleza fimbo yake kwamba chai ni nzuri, ila sukari imezidi. Bi Nurbanu alipita siku moja akanikuta nabishana na mlango kuhusu sukari. Akaniuliza kwa upole kama nami nimeandikiwa dawa.

Chumba chenyewe kilikuwa kibaya, na hapo ndipo nilipoona nina kazi ya kufanya. Unanijua, siwezi kuona kitu kimekaa ovyo. Bomba la bafuni lilikuwa linadondosha tone usiku kucha. Nikalifunga uzi mnene wa pamba mdomoni, ncha yake ikagusa sinki, na maji yakateremka kwenye uzi kimya kimya. Lishike hilo, litakufaa popote utakapolala ugenini. Harufu ya rangi mpya niliipunguza kwa kitunguu kilichokatwa nusu na kuwekwa kwenye sahani pembeni. Upepo wa chini ya mlango niliuzuia kwa kanga iliyoviringishwa. Nikafunga kamba ya manila kutoka kichwani mwa kitanda hadi mlango wa choo, ili mkono wake umwongoze. Haya yote niliyafanya Timotheo alipomkalisha uani kuota jua. Na Mzee aliyapokea. Jioni ya Jumapili niliisikia fimbo ikiambiwa kwamba bomba limenyamaza, Mungu ambariki aliyelinyamazisha.

Nikavimba kichwa, wifi. Jioni hiyo hiyo, Timotheo alipompeleka kuoga, nikahamia kwenye kitanda. Godoro lilikuwa na shimo katikati, nikaligeuza, upande wa miguuni ukawa wa kichwani. Chini ya mguu mmoja wa kitanda nikaweka boksi lililokunjwa, kelele zikaisha. Shuka za gesti zilikuwa baridi kama bati, nikatandika blanketi zito nililotoka nalo Kalenga, lile alilonipa mama. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, nikaivika soksi nene, nikaisukuma chini ya blanketi mahali miguu itakapokaa. Mto nao nikauinua kwa kuweka kitenge changu chini yake, ili shingo ikae kama daktari alivyotaka. Nilipomaliza, hata mimi nilitamani kulala pale.

Asubuhi ya Jumatatu Timotheo akaniambia Mzee amelala kwenye kiti.

Nikadhani ni baridi. Nikaongeza chupa ya pili. Asubuhi ya Jumanne tena, kiti. Safari hii alikuwa amekaa kidevu kikigusa kifua. Tukampeleka hospitali kuangaliwa. Nesi akafungua bandeji kidogo, akaifunga, akauliza kwa sauti ya ukali kama mgonjwa analala chali, maana jicho limevimba. Mzee akajibu kwamba chumba kina baridi. Nesi akasema usiku mmoja au miwili zaidi kama hiyo na wasije kumlaumu mtu. Nilirudi gesti. Nilijiona nimetumwa kazi moja tu na ukoo wenu, nayo imenishinda.

Nilimlalamikia Timotheo pale koridoni. Nikamhesabia yote niliyoyafanya, godoro, blanketi, chupa, mto. Akaacha kudeki. Akaniuliza ni nani aliyetandika. Nikamwambia ni mimi, nani mwingine. Akaegemea mpini wa ufagio wa kudekia, akacheka bila sauti hadi machozi yakamtoka, halafu akaacha kucheka.

“Dada yangu,” akasema, “wewe ni Mhehe kweli. Unamtandikia baba mkwe kitanda, kisha unamshangaa kwamba halali?”

Wifi, hilo hukunifundisha. Sikulaumu, kwenu kitanda chake kilitandikwa na marehemu mama, kisha na wewe, na hakuna aliyefikiri siku moja mkono utakuwa wangu. Kwetu Kalenga binti humtandikia baba yake bila kufikiri mara mbili. Ndipo nikaelewa kwa nini alilipokea bomba, kitunguu na kamba, lakini kila kilichogusa kitanda kilimfukuza zaidi. Kadiri nilivyokipendezesha, ndivyo nilivyomkalisha kwenye kiti.

Timotheo akaingia kutandika upya kwa mkono wake. Akatoka upesi. Akaniambia Mzee amekataa, amesema mkono uliokwisha kupita haufutiki kwa shuka, na vyumba vingine vimejaa wageni wa mkutano wa injili. Tena ameshafunga begi. Anataka gari la saa tisa la kurudi Tukuyu.

Nikaenda kusimama mlangoni. Nikauambia mlango kwamba gari la saa tisa ni mashimo matupu hadi Tukuyu. Nikauambia kwamba aliyetandika hakujua, na kwamba kama kuna lawama iende kwa asiyejua, jicho lina kosa gani. Nilikuwa nimeanza kulia. Ndipo Mzee aliposema, na safari hii hakuongea na fimbo.

“Mwanangu, sikukaa kwenye kiti kwa kukuchukia. Nilikaa kwa ajili ya huyo uliyembeba.”

Sasa nakueleza jambo la kwanza kati ya mawili, wifi. Ni kweli nina mimba. Ina miezi mitatu kasoro. Sikumwambia hata Gwakisa, kwa sababu ya ile iliyotoka mwaka juzi. Nilitaka ivuke pale ilipoishia ile nyingine ndipo niseme. Lakini ukuta wa gesti ni mwembamba, na mtu aliyefungwa macho anasikia kila kitu. Alikuwa ananisikia asubuhi nikitapika. Alimlea mama yenu mimba sita, hahitaji kuambiwa. Na kwenu husemwa, alinieleza pale pale kupitia mlango, kwamba mkwe akivuka mpaka wa kitanda cha baba mkwe, kinachodhurika ni tumbo lake. Hakutaka kumwambia Timotheo nimekosea, habari zisije zikafika Tukuyu kabla yangu. Kwa hiyo akakaa kwenye kiti, usiku baada ya usiku, akitoa jicho lake ili mimi nisipoteze mtoto.

Mimi ni Mkatoliki, sijui kama naiamini miiko ya namna hiyo, ila siku ile ya mwaka juzi niliamini kila kitu. Mwisho nikasema lililokuja.

“Baba, mtoto huyu akizaliwa atamwonyesha nani uso wake?”

Nikasikia begi likiwekwa chini. Akaniambia niingie. Nikamwambia naogopa. Akasema naye anaogopa, lakini yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo kama kuna kitu cha kubebwa atakibeba yeye, na wazee wa ukoo atazungumza nao mwenyewe, na mchungaji pia.

Hili ndilo la pili, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Niliingia, Eveline. Nilimwona baba yako. Ni mwembamba kuliko kikohozi chake. Alisimama ameshika ile kamba ya manila, akaniambia nitandike tena kuanzia mwanzo, yeye akiwa anasikia, ili isiwe kitu kilichofanywa kwa siri. Nikakung'uta shuka, nikalaza blanketi la mama, nikarudisha chupa yenye soksi. Akapanda kitandani. Alipolala, shingo ilikaa vibaya, nami nikaweka mikono yangu miwili chini ya kichwa chake nikakilaza sawa juu ya mto. Nilikigusa kichwa chake. Aliomba kwa Kinyakyusa, sikushika maneno yote, ila jina la Gwakisa nililisikia, na langu.

Kesho bandeji inatolewa. Ameomba nisisimame nyuma ya pazia. Anasema kama jicho litaona, hataki lianze kwa kukwepa. Nimekubali. Nimekuandikia ili ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mwingine, na ukikasirika, unikasirikie mimi, si yeye. Kama kuna jambo la kufanya, la kuchinja kuku au la maneno au la kukaa mbali siku kadhaa, niambie nami nitalifanya kwa moyo. Ila usiniambie nisimame nyuma ya pazia. Na ya tumbo, tafadhali, nimwambie Gwakisa mwenyewe akivuka Tunduma.

Mbusu mtoto. Mvishe soksi mbili, baridi ya mwezi huu haichezi. Uwape salamu mama mdogo na majirani wote wa uzazini. Wanaouliza jicho, waambie linasubiri Alhamisi.

Ni mimi wifi yako anayekupenda,
Evarista

Alhamisi alfajiri, kabla sijampa Dastan barua: Usiku niliweka sikio ukutani. Mzee anakoroma vibaya sana, wifi, mkoromo wa mtu aliyelala chali. Kitini mtu hakoromi hivyo. Nililala saa tano na robo.