Mzee Anakuja Kupumua

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi ya kuwa shetani. Nacheka peke yangu!

Asubuhi niko sokoni na spika yangu, nauza soksi kama kawaida — jamani soksi, hata miguu ina haki zake! — akaja mtu wa miwani, kasimama, hanunui, haondoki. Nikajua huyu askari kanzu. Kumbe dairekta wa filamu. Ana filamu ya binti aliyepandwa na pepo. Binti anaigiza vizuri mno, anajinyonganyonga mpaka watu wanaogopa, ila akifungua mdomo pepo linaongea kama mtoto anayeomba pipi. Anataka sauti ya mtu mzima itoke mdomoni mwa yule mtoto. Nikamwambia bosi, sauti ninazo za kila saizi.

Mke wangu kauliza, huyo shetani analipwa? Nikasema analipwa na chai anapewa. Basi kakubali.

Jumatano, 6 Machi

Studio yenyewe ni gereji ya zamani. Ndani wamejenga chumba cha kulala, kuta tatu tu, upande wa nne wazi, ndiko kamera inakokaa. Kitanda kinapaa kwa jeki za lori. Jamaa wawili wanapampu, shetani anapanda, jeki zinalia kwii kwii. Fundi wa sauti — dada mmoja mkali, hedifoni hazimtoki kichwani hata akila — akawaka: huyu ana pepo au ana pancha?

Mimi wameniweka kwenye kichumba kilichobandikwa sponji kuta zote. Maiki mbele, tivii ndogo pembeni namuona binti anavyochezesha midomo. Nikatoa sauti nene. Fundi: unanichekesha. Nikatoa ya kukwaruza. Fundi: huyo fisi ana mafua. Nikatoa nyingine na nyingine mpaka koo likachoka. Wapi!

Akasema acha kupiga kelele. Ongea kama unaongea na mtu wa nyumbani kwako, umemchoka.

Ikatoka. Chini chini, polepole, kila neno linaburutwa kama kiti sakafuni. "Nani kakuambia ulale?" Maneno kayaandika dairekta mwenyewe. Fundi kavua hedifoni. Wa jeki wakaacha kupampu, shetani kabaki ananing'inia upande. Dairekta kaja mbio: hiyo hiyo! Umeitoa wapi?

Nikasema nimezaliwa nayo. Wakacheka.

Alhamisi, 7 Machi

Nilijua nilikoitoa. Mdomo ulikuwa bado wazi na nikajua.

Ni ya mzee, baba yangu. Sio mzee wa leo. Mzee wa wakati ule tuko wadogo. Kupiga hakupiga — watu ukiwaambia baba alikuwa mkali wanafikiria mkanda. Hata kofi sikumbuki. Alikuwa anaongea. Anarudi kazini, anakaa, anauliza kitu kidogo tu. Nani kaacha taa. Nani kanywa maji yangu. Kwa sauti hiyohiyo. Anauliza tena, na tena, hapandishi, hachoki, mpaka kaka anajikojolea palepale aliposimama. Halafu yeye anaenda kulala, tena anakoroma.

Mama alipofariki akaacha. Kama mtu anavyoacha sigara. Hatukuliongelea hata siku moja.

Sasa tunaishi naye. Kifua kibovu, anapumua kama pampu ya baiskeli. Binti yangu anamwita mchumba. Mzee anamsuka nywele — vibaya! Mtoto anaenda shule kichwa kama kiota cha kunguru, na hataki mtu mwingine amguse.

Huyu babu ndiye aliyebaki. Mimi nimekwenda kumtoa yule mwingine nimemweka kwenye maiki.

Nyumbani nimesema kazi imebadilika, sasa naigiza punda.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee kila jioni: punda wetu kashindaje? Nalia kipunda, nyumba nzima haina mbavu. Mzee anacheka mpaka kikohozi, mke wangu anamsugua mgongo.

Studio nimemaliza sehemu ile padri anaingia chumbani. Sasa hivi sauti inakuja yenyewe, hata siiiti. Hicho ndicho nisichokipenda. Leo jioni nimeuliza chumvi iko wapi. Nimeuliza tu! Mke wangu kageuka haraka, kijiko mkononi. Nikajikohoza nikasingizia koo.

Alhamisi, 14 Machi

Balaa!

Nipo nyumbani, nimekaa na mzee, fundi wa sauti kapiga. Tunaongea, ghafla anakatiza: nini hicho kinapumua hapo? Baba yangu. Akapiga ukelele: mlete! Eti sauti ya pepo ipo, pumzi haipo. Pepo likinyamaza inabidi lisikike linapumua chini ya kitanda. Kajaribu mbwa, kajaribu pampu ya baiskeli yenyewe, hakuna.

Simu yangu inapayuka, mzee kasikia lile "mlete!"

— Nani ananitaka?

— Kuna kazi ya kupumua, mzee.

— Kupumua tu?

— Kupumua tu.

— Madaktari wananisumbua na dawa miaka yote hii, kumbe kifua changu ni ajira!

Binti yangu karukaruka, mchumba wake kaajiriwa. Mzee kaagiza shati lipigwe pasi. Shati, la kupumulia!

Nikatoka nje nikampigia fundi tena, nikambembeleza arekodi pumzi peke yake, mimi sauti yangu aiache. Haiwezekani, kasema. Lazima mzee avae hedifoni, aisikie, apumue pale inaponyamaza. Bila hivyo pumzi na sauti zitakuwa watu wawili tofauti.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia hakuna punda. Ni shetani. Kacheka zaidi! Nilijua, anasema, punda gani analipwa siku zote hizo.

Nikajaribu vumbi. Mzee, ile gereji ina vumbi, kifua chako. Nikajaribu safari. Nikajaribu wale wa jeki, wanatukana sana. Mzee kaniacha nikamaliza sababu zote. Halafu taratibu:

— Unaona aibu kwenda na mimi?

Nikasema tunatoka asubuhi, uvae soksi, ninazo.

Usingizi leo sijui. Labda hataitambua. Mtu sauti yake mwenyewe haijui, si ndio? Mimi nilipojisikia kwenye spika mara ya kwanza nilikataa kabisa, nikasema huyo ni mwizi. Labda atasikia shetani tu kama wengine.

Halafu tena najiuliza — nataka asiitambue? Kweli kabisa nataka?

Jumamosi, 16 Machi

Naandika chooni, studio. Mapumziko.

Mzee kaingia kama bwana harusi. Kasalimia mpaka wa jeki. Kamwambia fundi: binti yangu, kifua hiki hapa, chota unachotaka. Fundi kacheka — yule! Kamvalisha hedifoni polepole, kamwambia kila sauti ikinyamaza, pumua.

Mimi nimesimama pembeni, ndani ya kile kichumba. Sisikii kitu, hedifoni anazo yeye. Namuona uso tu. Kwanza anatabasamu, kaninyooshea kidole gumba. Halafu kidole kikashuka. Sauti ikafika mahali pa kunyamaza, yeye hakupumua. Fundi kasema pumua baba. Hakupumua.

Kamwambia fundi: rudisha.

Fundi karudisha. Kasikiliza kafumba macho, mikono kwenye magoti, kwenye ile suruali yenye mstari wa pasi. Kasema tena: rudisha.

Mara ya tatu kavua sikio moja. Kanitazama.

— Ulikuwa na umri gani?

Nikasema umri gani lini, mzee? Nikatabasamu, lile tabasamu la sokoni. Hakucheka. Kakaa anasubiri. Fundi hajui chochote, kainua mkono: kimya jamani, tunarekodi! Taa nyekundu ikawaka.

Na mzee akapumua. Kila ilipotakiwa. Mpaka mwisho, hakukosea hata moja, ananitazama mimi, machozi yanafika kwenye kola na hayafuti. Fundi anasema ni pumzi nzuri kuliko zote alizowahi kurekodi.

Sasa yuko nje kwenye benchi. Nimechungulia dirishani. Jamaa wa jeki kampelekea chai, hajaigusa. Kakaa pembeni kabisa, kasogeza kofia yake, kaacha nafasi ya mtu.

Nilikuwa na miaka sita. Kaka minane.

Vichekesho ninavyo kumi kichwani, nimevipanga vyote, hakuna hata kimoja kinachofaa. Fundi anagonga mlango, mapumziko yanaisha. Mzee bado anaangalia huku. Natoka, nitakaa pale alipoacha nafasi, nimwambie: sita.