Klachi Uliyoondoka Nayo

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi chako kimekuacha, au baridi imekiongezea nguvu? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama miguu imepungua kuvimba, sasa anafika hadi dukani bila kushikwa mkono.

Shangazi amehamia chumbani kwako. Cherehani yake inanguruma tangu asubuhi, mpaka baba anasema ni heri pikipiki.

Na habari ya pikipiki ndiyo iliyonikalisha kitako. Unaikumbuka kona kali ya uwanja wa mbio. Wewe ndiye uliyenifundisha kuiingia: funga mafuta, shusha gia mbili, achia klachi mara moja, injini yenyewe itapunguza mwendo. "Usiogope, Kidege," ulikuwa ukiniambia. "Hii si klachi ya kawaida. Injini ikivuta kupita kiasi, inateleza kidogo, tairi la nyuma halikwami." Nikakuamini, na misimu miwili haikuniangusha.

Mwezi uliopita tulikuwa na mbio. Mazoezi yalifutwa kwa mvua, kwa hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoikimbiza tangu uondoke. Nikafika konani nikafanya vilevile. Tairi la nyuma likakwama, likarukaruka, pikipiki ikalala ubavu na kuniburuta hadi ukingoni. Nimevunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Daktari ametia chuma, lakini vidole viwili havikunjiki.

Baba alinifokea palepale wodini, wauguzi wanasikia. "Kaka yako hakuanguka nayo hata siku moja! Wewe unakimbilia chombo usichokiweza." Mama akainamisha kichwa. Mimi nikajiona mjinga kweli, nikageukia ukuta nikalia.

Nilipotoka hospitali, Miwani, fundi wetu, alikuwa ameifungua injini. Akaniita. "Kidege, hebu tazama. Ile klachi ya kuteleza iko wapi?" Mle ndani ya injini mlikuwa na klachi ya kawaida, kuukuu, imetolewa kwenye pikipiki nyingine. Akakupigia simu hapohapo, sauti ameifungulia, mimi nimesimama kando yake. Ukacheka, Kaka. Ukasema, "Nimeifunga kwenye pikipiki yangu ya huku. Nilijua nikiondoka mimi, yeye hatakimbia tena. Itakaa tu chini ya turubai."

Kuvunjika mkono kuliniuma. Kicheko kile kiliniuma zaidi.

Nilimweleza baba nikidhani atanitaka radhi. Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, kisha akasema, "Ni kaka yako. Alikuwa na haja nayo." Yakaishia hapo. Majirani bado wanajua niliangushwa na kiherehere changu, na baba hajawasahihisha.

Miwani anasema hata klachi ya kawaida inaendesheka: ushushe gia moja moja, upige resi kidogo, kisha uachie klachi taratibu kwa vidole. Vidole vya mkono wa kushoto, Kaka. Haya, nionyeshe vipi.

Usiirudishe hiyo klachi, wala usinitumie kitu cha kunipoza. Mpigie baba. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ile kona niliiingia kama ulivyonifundisha, na kwamba ulijua ulichokitoa. Ukishindwa hilo, usimwulize tena mama kwa nini sipokei simu zako.

Mama anakusalimu sana na anakuombea asubuhi na jioni. Shangazi naye anakusalimu. Miwani nilimwuliza kama ana salamu, akaendelea kufuta mikono.

Mungu akulinde barabarani, akuepushe na mtu wa kukufanyia hivi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na sijui nifanyeje nisikupende,

Kidege