Yusufu na Viwanja Visivyo na Historia

Jumamosi, usiku

Na bado nasema nilikuwa sahihi. Kama mashindano yatapelekwa kwenye miji yenye historia ya soka pekee, sisi wa Kigali tutaipata lini hiyo historia?

Ndivyo nilivyomwambia jirani yangu Yusufu, fundi cherehani, tulipomaliza kuzibua mitaro kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwezi, na watu wamekaa kwenye nyasi kusubiri mkutano. Yeye anataka kombe liende kule ambako babu na mjukuu huimba wimbo mmoja uwanjani.

"Uwanja unajengwa kwa saruji, mzee," alisema. "Kelele zake utazinunua duka gani?"

Majirani wakacheka. Nikawaka. Nikamwambia hajawahi kuvuka mpaka, historia yote anayoijua ni ya kwenye televisheni, tena televisheni yangu.

Kicheko kikakatika. Akachukua jembe lake. "Sawa, mwalimu, umeshinda." Akaondoka kabla mkutano haujaanza.

Jioni kulikuwa na mechi. Miaka yote tumezitazama hapa kwangu, yeye akimtukana refa kwa Kinyarwanda na kuomba dua kwa Kiarabu. Leo nilipunguza sauti ya mtangazaji, kama anavyopenda. Bao lilipoingia niligeuka kumwambia kitu.

Naogopa hatarudi. Wengine hunikubalia tu ili ninyamaze. Yeye pekee hunibishia.

Kesho nitapita kwenye cherehani yake mtaani Muhima na ile suruali ya kijivu, nimwambie aipunguze kiunoni. Inanikaa vizuri kabisa.