Kipande Changu cha Sabuni

Itigi, Alhamisi usiku

Kumbe mama amekifulia. Kipande changu cha sabuni, nilichokikata kitoshane na mausi ya kompyuta, leo nimekikuta kwenye beseni, chembamba kama kucha.

"Kwani sabuni si ya kufulia?" akaniuliza. Nikamjibu vibaya. Inaniuma mpaka sasa.

Kompyuta ya misheni naipata Jumamosi tu. Mwalimu wangu wa kuchora kwa kompyuta yuko Dar, masomo ananitumia kwenye disketi zinazokuja na treni. Mara ya mwisho aliandika kwamba mistari yangu inatetemeka, nizoeze mkono kila siku, na picha ijayo ikiwa hivyo hivyo nafasi yangu atampa mwingine. Ndiyo maana kila jioni naisukuma sabuni mezani kama mausi, nikifuata maua ya kitambaa cha meza.

Keshokutwa ndiyo Jumamosi.

Ila kinachonitisha si sabuni. Nilipoiona kwenye beseni, kabla hata ya hasira, nilifurahi. Nilijua leo sitafanya zoezi, na lawama atabeba mama.

Nimechukua kiberiti, nakisukuma badala ya sabuni. Kinakwaruza meza, na mama ameuliza kutoka chumbani kama bado sijalala.

"Bado, mama. Kuna kazi sijaimaliza."