Pua ya Baba Imeshika

Mami na Nyawira,

Nimepeleka Baba hosi Thika. Maziwa ~~chemsheni~~ nimeshachemsha. Nyawira, mwagilia miche maji, usingoje kusukumwa.

Asubuhi mzee aligoma. Si leo ndio daktari anakata ile kamba ya ngozi waliyoshusha kutoka kwa paji, ndio izibe pale walitoa kansa kwa pua? Baba akasema ikikatwa pua itanyauka, haendi mahali.

Nikamuuliza, "Baba, ukiunganisha tawi ya avokado na mche, unaitenganisha na mti wake lini?"

"Ikishika."

"Na hiyo imekaa wiki ngapi?"

"Tatu."

Nikampea kamera ya simu ajione. Akafinya pua polepole vile daktari alitufunza, ikawa nyeupe, damu ikarudi. Akajiangalia sana, mpaka macho yakajaa maji. "Imeshika kuliko zile avokado niliunganisha kule Ngoliba," akasema, akaenda kutafuta kofia mwenyewe.

Sasa ananiita kwa geti, kisu yake ya miche imepotea. Anataka kufunza daktari vile hunolewa. Iko nyuma ya vikombe. Msimwambie.

Wanja, msichana wa Baba