Kitovu cha Adhis

Gatina, Septemba 1998

Kaka Opondo,

Wasalimie wote hapo nyumbani Shirati. Mtoto wangu Adhis ameota meno mawili na anang'ata kila kitu.

Tangu lile bomu la ubalozini mjini, kila mtu huku amekuwa polisi. Jumapili wapangaji tuliitwa kwenye mkutano wa ploti yetu. Jirani yangu Nyongesa, fundi wa mbao, akasema, "Nchi lazima ijilinde. Wageni wachunguzwe, na asiye na kipande cha kitambulisho atoke." Wote wakanigeukia mimi Mtanzania.

Nikasimama. "Nichunguzeni, hata mimi bomu naliogopa. Lakini mwenyeji ni nani? Ambaye kitovu chake kilizikwa hapa Gatina ainue mkono."

Mikono yote ilibaki chini: huyu wa Bungoma, yule wa Siaya. Nikauinua mkono wa Adhis. "Chake kiko hapo nyuma ya bafu. Nyongesa, si jembe lilikuwa lako?"

Nyongesa alicheka mpaka akakaa chini.

Ila Jumatatu nimeitwa kwa chifu niende na kipande, na unajua sina. Usimwambie mama. Nyongesa atanisindikiza. Nitavaa gauni la Krismasi, na Adhis nitambeba mbele, si mgongoni, ili waanze kumhoji mwenyeji.

Dadako,
Aluoch